Moja bila za besiboli: uanze na mechi ipi kati ya hizi nne?

Mdogo wangu alisinzia duru ya nne. Nilimkaribisha nyumbani tuangalie besiboli, chai ipo, mahamri yapo, na ubao wa matokeo unasoma bila kwa bila. Kabla hajafumba macho alinigeukia akauliza, "Kaka, sasa hapa tunangoja nini?" Swali lile lilinikaa rohoni kwa sababu hakuuliza kwa dharau. Ni mtu wa soka tangu utotoni na uzito wa bao moja anaujua vizuri. Presha ya dakika ya 88, timu yako ikiongoza moja bila na wapinzani wamekuja wote golini kwako, ameishi nayo. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha presha hiyo inakaa wapi kwenye mchezo huu, na mimi nilimchagulia mechi vibaya.

Kwa hiyo nimepanga mechi nne za zamani, zote za ligi kuu za Marekani, zote za mabao machache, za kati ya mwaka 1956 na 1965. Nazilinganisha kwa ajili ya mtu kama yeye: anayetaka kuujua mchezo, hana muda wa kupoteza, na ameshaambiwa mara nyingi kwamba mechi isiyo na mabao haina ladha.

Kwanza tuelewane kidogo kuhusu kanuni. Mrushaji anasimama juu ya tuta dogo la udongo, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpigaji anatolewa akipata straiki tatu (straiki ni mpira aliojaribu kuupiga akaukosa, au aliouacha ukapita ndani ya eneo la kupigwa), au mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa chini, au ukimtangulia kufika kituo cha kwanza. Wakitolewa watatu, timu zinabadilishana. Duru ni tisa, kwa hiyo kila timu ina watu 27 wa kutolewa, basi. Bao linapatikana mchezaji akizunguka vituo vitatu na kurudi salama pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Pigo linalomfikisha mtu kituoni bila wapinzani kufanya kosa nitaliita pigo safi. Na mrushaji akiwatoa wote 27 bila hata mmoja kukanyaga kituo cha kwanza kwa njia yoyote, huo ni mchezo kamili. Zama hizo warushaji walikuwa wanatisha. Mwaka 1969 wakubwa wa ligi waliamua kushusha tuta kutoka inchi 15 hadi 10 ili wapigaji nao wapumue.

Ukimwuliza shabiki yeyote wa Marekani, atakupeleka moja kwa moja Yankee Stadium, New York, tarehe 8 Oktoba 1956. Ni mechi ya tano ya fainali za World Series, Yankees na Brooklyn Dodgers wamegawana mechi mbili mbili. Don Larsen wa Yankees akarusha mchezo kamili, mbili bila, mbele ya watu 64,519. Mpaka leo hakuna mwingine aliyewahi kurusha mchezo kamili katika fainali hizo. Na kinachoipa hadithi utamu ni mtu mwenyewe. Miaka miwili kabla, akiwa Baltimore, Larsen alishinda mechi 3 akapoteza 21. Siku tatu tu kabla, katika mechi ya pili ya fainali hizohizo, hakumaliza hata duru mbili kabla ya kuondolewa, na timu yake ikalala 13-8. Mtu huyo ndiye aliyetoka akarusha mipira 97 na kuwatoa wote.

Faida yake kubwa kwa mgeni ni kwamba ipo kwenye picha. Matangazo ya televisheni ya siku ile yalirekodiwa kwenye filamu, na ukiacha duru ya kwanza iliyopotea, unaweza kukaa ukaiona kwa macho yako. Utaona duru ya pili, Jackie Robinson anapiga mpira mkali, unagonga glavu ya Andy Carey na kuruka pembeni, Gil McDougald anauokota na kuutupa kituo cha kwanza, Robinson anatolewa kwa hatua moja. Utaona Mickey Mantle katika duru ya tano akikimbilia kushoto-kati, upande ambao ukuta wa uwanja ule wa zamani ulikuwa futi 457, karibu mita 139, na kuudaka mpira wa Gil Hodges akiwa mbioni. Ingekuwa uwanja mwingine, huo unaruka ukuta, na mpigaji anazunguka vituo vyote hadi nyumbani bila kuzuiwa. Wenyeji wa mchezo huu wana mwiko: mrushaji akiwa njiani kuelekea mchezo kamili, hakuna anayelitaja jambo hilo mbele yake. Larsen mwenyewe ndiye aliyeuvunja, akamsemesha Mantle benchini akitaka kujua kama atafika. Mantle akaondoka zake bila kumjibu.

Na bado siyo mechi ninayomshauri mgeni aanze nayo. Ukubwa wake unatokana na fainali na umaarufu wa majina. Mtu asiyejua Yankees ni nani na kwa nini Brooklyn nzima iliwachukia ataona wapigaji 27 wakirudi benchini mmoja baada ya mwingine, kisha Yogi Berra, mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuipokea mipira, akirukia mikononi mwa Larsen, na hatajua alie au acheke. Hata tukio la mwisho linahitaji jicho lililozoea. Dale Mitchell aliuangalia mpira ukipita, mwamuzi Babe Pinelli, ambaye hiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho kusimama nyuma ya mdakaji, akatamka straiki ya tatu, na watu wanabishana hadi leo kama mpira ule ulikuwa ndani au nje. Kumbuka pia kwamba mrushaji wa Dodgers, Sal Maglie, aliruhusu mapigo safi matano tu siku ile. Alicheza vizuri sana na hakuna anayemtaja. Iangalie mechi hii, ila iwe ya pili au ya tatu.

Ninayoiweka mbele ni ya Los Angeles, tarehe 9 Septemba 1965, Dodgers na Chicago Cubs. Moja bila. Sandy Koufax, mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye kiwiko chake tayari kilikuwa kinaliwa na baridi yabisi, alirusha mchezo kamili na kuwatoa watu 14 kwa straiki. Sita wa mwisho wote waliondoka hivyohivyo. Hadi hapo unaweza kusema ni yaleyale ya Larsen. Tofauti iko upande wa pili wa uwanja. Bob Hendley wa Cubs, kijana ambaye wengi hawamkumbuki, aliruhusu pigo safi moja tu mechi nzima. Timu mbili, duru tisa, pigo safi moja, na hilo moja halikuzaa bao.

Sasa bao lilitoka wapi? Hapa ndipo mgeni anaposomeshwa besiboli yote kwa dakika chache. Nilimpangia mdogo wangu vizibo vinne vya soda mezani kama vituo, na kizibo cha tano kikawa Lou Johnson wa Dodgers. Duru ya tano. Hendley anamrushia Johnson mipira minne mibaya, isiyopita kwenye eneo la kupigwa, kwa hiyo Johnson anapewa kituo cha kwanza bure. Hakupiga chochote. Anayefuata, Ron Fairly, hafanyi papara: anaudokoa mpira polepole mbele yake, akijua atatolewa yeye, ili Johnson asogee kituo cha pili. Kizibo kinasogea. Kisha Johnson, bila kungoja mtu apige, anachomoka kukiiba kituo cha tatu wakati mpira uko njiani. Mdakaji wa Cubs, Chris Krug, anauchukua na kuutupa kwenda kituo cha tatu, unapaa juu ya mlinzi na kupotelea nyuma. Johnson anarudi nyumbani akitembea.

Mdogo wangu alikitazama kile kizibo muda mrefu. "Yaani bao limeingia na hakuna aliyepiga mpira?" Ndiyo. Mipira minne mibaya, mdokoo, wizi, na mkono wa mtu mmoja uliotetemeka. Pigo safi pekee lilikuja duru ya saba, la Johnson huyohuyo, mpira mwepesi ulioangukia pasipo na mtu, akafika kituo cha pili na kuishia hapo. Timu zote mbili zikichanganywa, ni mtu mmoja tu aliyekanyaga kituo usiku ule. Na aliyeanza duru ya tisa upande wa Cubs, akihitaji kurekebisha mambo, alikuwa nani? Krug. Koufax akamtoa kwa straiki. Akafuata Joe Amalfitano, straiki. Akaja Harvey Kuenn, yuleyule aliyekuwa wa mwisho kutolewa Koufax alipowanyima Giants pigo safi mwaka 1963, naye akapata straiki ya tatu.

Duru hiyo ya mwisho haisifiki kwa picha. Inasifika kwa sauti. Vin Scully aliitangaza redioni, na katikati ya maneno yake alikuwa anasoma saa, ili Koufax akisikiliza miaka ya baadaye ajue ilikuwa wakati gani. Mtu wa mwisho alitolewa saa 3:46 usiku. Sisi tuliokulia kwenye mpira wa redioni, betri zikianikwa juani ziongeze nguvu, tunajua mtangazaji mzuri anavyoweza kukuonyesha uwanja ambao hujawahi kuuona. Kwa hilo mechi hii ni yetu kuliko hiyo ya televisheni. Na ni fupi: saa 1 na dakika 43 tangu mwanzo hadi mwisho, pungufu ya mechi ya soka na mapumziko yake.

Hapo nimeshasema ninachokipendelea. Lakini watu hawafanani, na mechi mbili zilizobaki zina watu wake.

Kama wewe ni wa kuumia na timu isiyokuwa na bahati, wa kukaa kimya kutwa nzima baada ya kufungwa kwa kosa la beki wako mwenyewe, basi chukua ya Milwaukee, tarehe 26 Mei 1959. Harvey Haddix wa Pittsburgh Pirates aliingia uwanjani akiwa na mafua. Wapinzani wake walikuwa Braves, mabingwa wa ligi yao kwa miaka miwili mfululizo, wenye Hank Aaron na Eddie Mathews. Akawatoa wote wa duru tisa. Mchezo kamili, tuseme. Tatizo ni kwamba wenzake hawakumfungia bao hata moja, na besiboli haina sare: bila kwa bila, mnaendelea. Akawatoa wa duru ya kumi. Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Watu 36 mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake wala baada yake katika mechi moja.

Wakati huohuo Pirates walipata mapigo safi 12 dhidi ya Lew Burdette na hawakurudisha mtu nyumbani. Duru ya tatu pekee walipata matatu, lakini Román Mejías alijaribu kuvuka hadi kituo cha tatu akatolewa njiani. Angetulia kituo cha pili, pigo lililofuata lingeweza kuimaliza hadithi mapema, na leo jina la Haddix lingekuwa juu ya yote.

Duru ya 13, Félix Mantilla akapiga mpira wa kawaida wa chini, Don Hoak akauokota, akautupa vibaya. Mchezo kamili umekufa kwa kosa la mwenzake. Mathews akadokoa kumsogeza Mantilla. Haddix akaagizwa ampe Aaron kituo cha bure makusudi, wasihangaike naye. Halafu Joe Adcock akapiga, mpira ukavuka ukuta. Hata hapo mambo hayakunyooka: Aaron alipita kituo cha pili akaacha njia akidhani mechi imekwisha, Adcock aliyekuwa akikimbia nyuma akampita, na kwa kanuni aliyempita mwenzake anatolewa. Baada ya rais wa ligi kuamua, matokeo yakaandikwa moja bila. Miaka mingi baadaye Bob Buhl, mrushaji wa Braves, alifichua kwamba wenzake upande wa akiba walikuwa wanasoma ishara za mdakaji wa Pirates na kuwapa wapigaji taarifa kwa taulo. Yaani walijua mpira gani unakuja, na bado walikaa duru 12 bila mtu kufika kituoni.

Linaloniuma zaidi ni la mwaka 1991. Kamati ya ligi kuu iliandika upya tafsiri ya mechi isiyo na pigo safi, ikataka iwe hivyo hadi mwisho wa mechi, na Haddix akaondolewa kwenye orodha. Duru 12 kamili, na kwenye daftari hayumo. Naona walikosea, na kanuni iliyoandikwa miaka 32 baada ya tukio haikupaswa kurudi nyuma kumnyang'anya mtu. Mechi hii pia haiwezi kujirudia vilevile: tangu mwaka 2020, katika mechi za kawaida za msimu, kila duru ya nyongeza inaanza na mchezaji aliyewekwa kituo cha pili. Duru ya kumi ya Haddix isingekuwa yake tena.

Simpi mgeni mechi hii kwanza kwa sababu moja tu: inahitaji uwe tayari unajua mchezo kamili ni adimu kiasi gani, ndipo uumie ipasavyo. Msomeshe Koufax kwanza, kisha mletee Haddix kesho yake.

Ya nne ni ya watu wanaopenda ndondi. San Francisco, Candlestick Park, usiku wa tarehe 2 Julai 1963, Giants na Braves walewale wa Milwaukee. Juan Marichal, miaka 25, mzaliwa wa Laguna Verde, Jamhuri ya Dominika, mrushaji aliyeinua mguu wa kushoto hadi usawa wa uso kabla ya kuachia mpira. Mbele yake Warren Spahn, miaka 42, aliyekuwa ameshapigana Vita Vikuu vya Pili huko Ulaya kabla Marichal hajamaliza utoto. Hakuna mchezo kamili hapa. Kila mmoja alipigwa, Marichal mapigo safi manane na Spahn tisa. Watu walifika vituoni, na mara kwa mara ukadhani sasa limeingia. Duru ya nne Norm Larker alikuwa anakuja nyumbani na bao, Willie Mays akauokota mpira katikati ya uwanja na kuutupa, Larker akakuta mdakaji anamsubiri. Duru ya tisa Willie McCovey aliupiga mpira ukatoka juu kabisa karibu na mlingoti wa kulia, mwamuzi akasema uko nje ya mstari, Giants wakapiga kelele hadi wakachoka.

Kocha Alvin Dark alitaka kumpumzisha Marichal. Marichal akagoma: yule mzee wa miaka 42 bado anarusha, mimi nitoke vipi? Wakaendelea hivyo, duru ya kumi na tatu, ya kumi na nne, ya kumi na tano. Marichal alirusha mipira 227 na Spahn 201. Siku hizi mrushaji akikaribia 100 kocha ameshanyanyuka benchini. Saa sita za usiku zilikuwa zimepita, duru ya 16, mpira wa Spahn wa kupinda kinyume ukakataa kupinda, na Mays akautoa nje ya uwanja. Moja bila, baada ya saa 4 na dakika 10.

Hii ndiyo mechi ninayoipenda kuliko zote kama shabiki, na ndiyo niliyomchagulia mdogo wangu siku ile, kupitia video ya kumbukumbu na maelezo yangu marefu. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Saa nne za watu wawili kukataa kushindwa zinakwenda kwa mtu ambaye tayari anajua kila mpira mmoja unabeba nini. Iweke mwisho, siku usiyo na kazi kesho yake.

Ukiniambia basi una jioni moja tu na unataka kuona kwa macho, Larsen. Una watoto wanaouliza kanuni, au wewe mwenyewe ndiye unayeuliza, Koufax, na usisahau vizibo. Umewahi kufungwa kwa penalti na hujapona, Haddix anakungoja. Mtu aliyezaliwa kwenye soka ya Afrika Mashariki, nikilazimika kumpa moja tu, nampa ile ya Los Angeles.

Baada ya kumaliza vile vizibo mdogo wangu hakuuliza habari za Koufax hata kidogo. Aliuliza, "Huyo mwingine, Hendley, ilikuwaje baadaye?" Nikamwambia: siku tano baadaye, tarehe 14 Septemba, walikutana tena Wrigley Field, Chicago, Hendley na Koufax, kila mmoja juu ya tuta lake la zamu. Cubs walishinda 2-1.